Maumivu yamekwisha, ila je, kano la bega limeshika?

SWALI

Mwanangu mshauri, salamu.

Mimi ni mzee wa miaka 61, fundi rangi. Kwa zaidi ya miaka thelathini mkono wangu wa kulia umeishi juu ya kichwa. Mwaka jana niliteleza kwenye ngazi nikajidaka kwa mkono huo. Sikufika chini, ila bega lilitoa mlio kama uzi mnene unaokatika. Nikadhani msuli umeshtuka tu. Nikakanda, nikameza dawa, nikachomwa sindano mbili za bega kwa nyakati tofauti, na kazi ikaendelea. Miezi minane baadaye nikawa silali upande huo, na kuvaa shati kukawa shughuli ya watu wawili.

Picha ya MRI ilionyesha kwamba kano la juu ya bega limechanika lote, sentimita tatu na nusu, na ncha yake imevutika ndani. Nikafanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Daktari alisema amelirudisha kano mahali pake na kulibana kwenye mfupa kwa nyuzi na skrubu ndogo. Nikakaa wiki sita na mkanda wa kuning'inizia mkono na mto mdogo ubavuni. Mke wangu ndiye alikuwa akinifunga na kunifungua, huku kaninunia kwa sababu ya sigara.

Sasa ni wiki ya tisa. Tangu wiki ya saba sisikii maumivu ya maana, hata usiku nalala. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Maumivu hayapo, lakini mkono haupandi: ukifika usawa wa kifua unakwama kama mlango uliovimba. Kijana mmoja wa miaka 34 aliyefanyiwa upasuaji wa bega siku moja na mimi, tuliyelala naye vitanda jirani, nimekutana naye kliniki anajichana nywele kwa mkono ule ule uliopasuliwa, anacheka. Mwanangu wa kiume anasema mimi nimeharibiwa, turudi tukamwulize daktari alifanya nini. Rafiki yangu wa kazini anasema dawa ni kuning'inia kwenye fremu ya mlango kila asubuhi mpaka bega lifunguke.

Kuna mengine sijamwambia daktari. Siku ya pili baada ya kuvua mkanda nilishusha kopo la rangi la lita nne kutoka kwenye rafu iliyo juu ya kichwa. Nikasikia kitu cha moto begani, kikatulia baada ya muda mfupi, nikanyamaza. Nina kisukari, huu mwaka wa sita. Kabla ya upasuaji kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kilisoma 8.4. Goti nalo linanisumbua, kwa hiyo nameza diklofenaki karibu kila siku. Sigara nimepunguza kutoka kumi na tano hadi nane.

Naomba uniambie ukweli. Kano limeshika au halijashika? Nimeharibiwa? Sigara nane zina neno? Na mwisho wa mwezi ujao nina kazi ya kupaka dari, naweza kupanda ngazi?

Fundi Rangi

JIBU

Shikamoo Baba.

Naanza na kopo la rangi, maana ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili. Piga simu kliniki leo, usingoje miadi. Waambie maneno yale yale uliyoniandikia: siku ya pili bila mkanda, lita nne, juu ya kichwa, kitu cha moto. Lita nne za rangi ni kilo tano na ushee, na kwa bega la wiki ya saba huo ni mzigo mkubwa mno. Huenda hapakuharibika kitu. Huenda uzi mmoja ulikata sehemu ya kano. Mimi siwezi kujua kwa barua, na wewe huwezi kujua kwa kusikilizia. Daktari atakupima nguvu, na akiona haja ataangalia kwa ultrasaundi au MRI. Picha za wiki hizi huwa hazisomeki vizuri, kwa sababu kano linalopona lina uvimbe na makovu yanayofanana na uharibifu, kwa hiyo asikuudhi akisema tungoje kidogo turudie.

Kwa sasa usijijaribu. Najua utashawishika kuunyanyua mkono mbele ya kioo uone kama bado una nguvu. Wagonjwa wangu wote hufanya hivyo, na mimi huwakuta nao wanajifanya wananyoosha kola.

Umesema maumivu hayapo na hapo ndipo unapochanganyikiwa. Umechanganyikiwa mahali pake, Baba. Maumivu si kipimo cha kano kushika. Mwaka 2004 kundi la madaktari wa Marekani lilichapisha habari za watu 18 walioshonwa michaniko mikubwa ya bega kwa matundu madogo. Walipowapiga ultrasaundi mwaka mmoja baadaye, 17 kati yao kano lilikuwa limeachia tena. Lakini wengi wao maumivu yalikuwa yamepungua sana na mkono ulikuwa unafanya kazi. Ukitazama upande mmoja, hiyo ni habari njema: mtu anaweza kupata nafuu hata kano lisiposhika lote. Upande wa pili ndio unaokuhusu wewe leo: bega lililotulia halikuambii chochote kuhusu kilichomo ndani.

Sasa nikueleze kinachoendelea humo ndani, na wewe utanielewa haraka kuliko wengi. Unajua rangi ya mafuta ukiigusa jioni kidole hakichafuki, lakini ukibandika kitu juu yake inabanduka yote? Imekauka ngozi, chini bado mbichi. Kano lililoshonwa liko hivyo hivyo. Nyuzi na skrubu haziponyi kitu. Kazi yake ni kulibana kano kwenye mfupa, kama jiriwe inavyobana mbao mbili mpaka gundi ikamate. Gundi yenyewe inatengenezwa na mwili wako. Siku za mwanzo ni damu na uvimbe. Kisha kwa wiki kadhaa mwili unamwaga nyuzinyuzi za kolajeni, ile protini inayofuma kano, laini, zimetupwa ovyo kama nyasi. Polepole zinaanza kujipanga kufuata upande wa mvuto na kukomaa. Kufikia wiki ya kumi na mbili kuna mshiko wa kuanza kuutegemea kidogo. Kukomaa kwenyewe kunaendelea miezi mingi, hata mwaka na zaidi.

Na haliwi tena kama lilivyozaliwa. Kiungio cha asili kati ya kano na mfupa kina tabaka nne: kano, halafu gegedu laini, halafu gegedu lenye chokaa, halafu mfupa. Ugumu unaongezeka hatua kwa hatua, ndiyo maana mvuto hauna mahali pa kuchania. Ni ukuta uliopigwa msasa, ukapakwa praima, ukapakwa mikono miwili. Baada ya upasuaji mwili haurudishi tabaka hizo. Unaweka kovu moja kwa moja kati ya kano na mfupa. Linashika, lakini ni rangi juu ya ukuta mtupu.

Makano mengi yanayoachia baada ya kushonwa huachia ndani ya miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Angalia hesabu hiyo inavyokutana na maisha ya mtu. Wiki ya sita mkanda unavuliwa. Wiki ya saba maumivu yanaisha. Mtu anajiona mzima, rafu iko pale, kopo liko juu. Ukiniuliza wiki gani zinanitia hofu kwa wagonjwa wangu, si zile za kwanza wakiwa wanalia. Ni hizi zako, za saba mpaka kumi na mbili.

Tumfikie kijana wa miaka 34. Kwanza, hata hujui alichofanyiwa. Upasuaji wa bega ni wa namna nyingi. Pengine yeye alikwanguliwa mfupa au alitengenezewa bega linalochomoka, na kano lake lilikuwa zima tangu mwanzo. Lakini tuseme naye alishonwa kano. Bado hamlingani, na wala si kwa sababu ya mikono ya daktari. Kuna mambo yaliyokuwa yameshaamuliwa kabla hujalazwa kwenye ile meza.

Umri ni la kwanza. Mwaka 2005 madaktari wa Ufaransa walifuatilia mabega 65 yaliyoshonwa kano la juu, lile lile lako. Kwa jumla 71 kati ya kila 100 yalikuwa yameshika kabisa. Walipowatenga waliovuka miaka 65, walioshika walikuwa 10 kati ya 23. Wewe uko 61, karibu na mstari. Seli za kano zinazeeka, damu inayofika pale inapungua, na mfupa wenyewe unakuwa mwepesi kiasi kwamba skrubu haipati pa kung'ata vizuri. Hilo la mfupa mwepesi linatajwa kidogo kuliko linavyostahili.

La pili ni ukubwa wa mchaniko na muda uliokaa nao. Sentimita tatu na nusu ni mchaniko mkubwa. Ncha kuvutika ndani maana yake msuli ulilivuta kano likarudi nyuma, na daktari ilimbidi alivute kulirudisha, kwa hiyo limeshonwa likiwa na mkazo. Tena msuli uliotenganishwa na kazi yake hunywea, na ndani yake huanza kuingia mafuta. Mfaransa Daniel Goutallier mwaka 1994 aliyapangia mafuta hayo ngazi, kuanzia sifuri ambapo msuli ni safi mpaka nne ambapo mafuta yameuzidi msuli, na mpaka leo madaktari wa bega wanazitumia. Mafuta yakishaingia kwa wingi hayatoki, hata kano lishonwe namna gani. Muulize daktari wako: "Kwenye MRI yangu ya kabla, mafuta yalikuwa ngazi ya ngapi?" Jibu lake litakueleza mengi kuliko kumtazama kijana anachana nywele.

Miezi minane ya kukanda na kuchomwa sindano haikukusaidia, nakwambia kwa heshima. Sindano za steroidi zinazima uvimbe, lakini zikirudiwa zinadhoofisha kano, na tafiti zimezihusisha na watu kurudi tena kupasuliwa. Hizo zimeshapita, hatuwezi kuzichomoa. Ila kuanzia leo mtu yeyote akitaka kukuchoma bega hilo, aongee kwanza na aliyekupasua.

Kwa hiyo umeharibiwa? Katika yote uliyoniandikia sijaona neno moja linaloonyesha hivyo. Mkono usiopanda juu ya kifua wiki ya tisa, kwa mchaniko wa ukubwa ule, ni jambo ninaloliona kila wiki. Mwambie mwanao, kijana wetu, ameonyesha upendo, lakini ashushe mabega.

Tena nikupe jambo ambalo huwashangaza watu. Bega gumu wiki hizi si adui. Katika uchunguzi wa wagonjwa wengi waliofuatiliwa, wale waliokuwa na bega gumu wiki ya sita na ya kumi na mbili ndio ambao makano yao yaliachia kidogo zaidi, kuliko wale waliolegea mapema. Ukifikiria unaona mantiki: mwili unaomwaga kovu kwa wingi unakaza, na kovu hilo hilo ndilo linaloshika kano. Ugumu huo kwa watu wengi unaachia wenyewe ndani ya mwaka, kwa mazoezi ya kawaida. Kano likiachia halijirudishi. Ukinipa nichague mgonjwa mwenye bega gumu na mgonjwa aliyelegea mapema mno, mimi namchukua mgumu na nalala usingizi.

Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa kuning'inia mlangoni ni wa hatari kabisa. Uzito wa mwili wako wote utaning'inia kwenye kovu la wiki tisa. Hapana, hapana, hapana.

Mazoezi ya sasa yanatofautiana na unavyoyafikiria. Kuna mkono kupelekwa na kuna mkono kujipeleka. Ukiuweka kiganja juu ya meza, juu ya kitambaa, ukauteleza mbele huku kiwiliwili ndicho kinachoinama, bega linafunguka lakini kano halivuti, mkono umepelekwa. Ukiunyanyua huo mkono hewani hata kama ni mtupu, kano limefanya kazi. Zoezi la kuuning'iniza mkono kama pendulamu, linaloitwa kwa jina la daktari Ernest Codman wa Boston ambaye mwaka 1911 aliandika habari za kushona makano haya, limekusudiwa kuwa la kupelekwa. Unainama, mkono wa kushoto umeshika meza, mkono mgonjwa umelegea kabisa, na unayumbisha kiuno. Mkono unafuata tu. Nikiwatazama watu wakilifanya nyumbani, wengi wanazungusha mkono wenyewe, miduara mikubwa kama wanafua. Walipowabandika watu vipima umeme wa misuli, ilionekana miduara mikubwa inaiamsha misuli ile ile inayovuta kano kama lako, na hata kuinua chupa ya maji kunywa kunaiamsha. Kwa hiyo duara lako lisizidi upana wa sahani, na kikombe kishikwe na kushoto. Lini mkono wako uanze kujipeleka, na lini uanze kuvuta uzito, ataamua daktari pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia aliyekushika. Kwa michaniko mikubwa kama yako wengi huchelewesha kwa makusudi.

Tuje kwenye yale yaliyo mkononi mwako, kwa sababu yale ya meza ya upasuaji yameshapita.

Sigara. Unaniuliza nane zina neno? Zina neno. Pale kano linapogusa mfupa damu ni haba hata kwa mtu asiyevuta. Nikotini inabana vishipa hivyo vidogo, na hewa ya kaboni monoksidi iliyomo ndani ya moshi inachukua kiti cha oksijeni kwenye damu. Seli zinazotakiwa kufuma kolajeni zinafanya kazi na pumzi nusu. Panya waliopewa nikotini baada ya kushonwa bega, uponaji wao wa kano na mfupa ulichelewa na mshiko ukawa dhaifu. Kwa watu, kadiri sigara zinavyokuwa nyingi ndivyo michaniko inavyoonekana kuwa mikubwa. Kutoka kumi na tano hadi nane ni kazi, nakupongeza kwa dhati, na sitaki uone nimeidharau. Lakini nane kwa siku ni kuvibana vile vishipa kila baada ya saa mbili, mchana kutwa, katika wiki ambazo gundi inakamata. Zikikushinda kuacha zote maisha, ziache hadi mwezi wa sita tangu upasuaji. Vibandiko vya nikotini vinakuondolea moshi lakini nikotini yenyewe inabaki, kwa hiyo usivianze bila kumwuliza daktari.

Sukari ina uzito uleule. Sukari ikizidi muda mrefu inajigandisha kwenye nyuzi za kolajeni na kuzifanya kavu na ngumu, zisizopangika vizuri. Inafunga vishipa vidogo na kufungulia mlango vijidudu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kano limeachia kwa takriban 36 kati ya kila 100 wenye kisukari, dhidi ya 14 kwa wasio nacho. Ila soma hadi mwisho: kati ya wenye kisukari wenyewe, waliokuwa chini ya 7 kwenye kile kipimo cha miezi mitatu, walioachia walikuwa kama 26 kati ya 100, waliokuwa 7 na kuendelea, 43. Yaani ugonjwa ni uleule, tofauti ni namba. Wewe ulikuwa 8.4 kabla ya upasuaji. Upo wapi sasa? Hukuniandikia, na nadhani hujapima. Kipime wiki hii, umpelekee daktari wa sukari na siyo wa bega peke yake.

Diklofenaki imenifanya nikune kichwa. Dawa za jamii hiyo zinazima uvimbe, na uvimbe wa siku za mwanzo ndio unaoanzisha uponaji. Kwa wanyama zimeonekana wazi kudhoofisha mshiko wa kano na mfupa. Kwa binadamu habari si moja: mwaka 2018 walilinganisha selekoksibu na ibuprofeni, za jamii hiyo, na tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii nyingine, baada ya upasuaji wa aina yako, na waliomeza selekoksibu ndio walioachia zaidi, kama 37 kati ya 100, wakati ibuprofeni ilikuwa karibu na tramadoli. Sitakwambia diklofenaki imeliharibu kano lako. Nitakwambia kwamba mzee wa miaka 61 mwenye kisukari akimeza diklofenaki kila siku anazichezea figo zake, bega liwepo lisiwepo. Kwa goti, muulize daktari kama parasetamoli inatosha, kwa kipimo chake. Na ukiumwa jambo jingine ukaandikiwa siprofloksasini au ndugu zake, sema kwanza kwamba una kano lililoshonwa. Antibiotiki hizo zinajulikana kuumiza makano. Marekani tangu 2008 zinabeba onyo zito kuhusu hilo.

Chakula sina mengi: protini ya kutosha kila siku, kwa sababu kolajeni haifumwi kwa hewa, na kama una figo zenye shida kiasi chake akupangie daktari. Vitamini D ipimwe kama inawezekana. Inasaidia mfupa, na mfupa ndio ulioshika skrubu. Vidonge vya kolajeni vinavyotangazwa kwenye simu, weka pesa yako mfukoni.

Usiku endelea kulala umeegemea kidogo, mto chini ya kiwiko ili mkono usidondoke nyuma. Umesema unalala vizuri. Usigeukie upande huo kwa sababu hiyo. Na zipo dalili ambazo hazingoji simu wala miadi, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo: homa, usaha au wekundu unaosambaa kwenye matundu, mkono kuvimba au kufa ganzi, kifua kubana, au mkono uliokuwa unajitegemea kudondoka ghafla baada ya mlio.

Dari la mwisho wa mwezi ujao lifute. Kufikia hapo utakuwa kama wiki ya kumi na tano hivi. Mambo yakienda vizuri kabisa, wiki hizo ndizo mtu anaanza kuvuta mpira mwepesi wa mazoezi, kiwiko kikiwa kimegusa ubavu. Kazi ya mikono juu ya kichwa, brashi imelowa, saa nzima nzima, ni ya miezi sita na kuendelea, na kwa mchaniko wako inaweza kuwa zaidi. Rola yenye mpini mrefu haikuokoi, kwa sababu kusukuma dari kunatoka begani. Unachoweza kufanya mapema, daktari akikubali, ni kuchanganya rangi chini, mikono chini ya kifua, kopo dogo kwa mkono wa kushoto, na kuwasimamia vijana kwa mdomo. Mteja mwambie tarehe nyingine au mpe fundi unayemwamini. Ukilichana tena kano hilo, kushona mara ya pili huwa kugumu kuliko ya kwanza.

Mama aliyekuwa akikufunga mkanda nampa pole na hongera. Na kwa kuwa kijana wetu ana nguvu za kutosha kwenda kumhoji daktari, basi rafu hiyo ya makopo aishushe yeye iwe usawa wa kiuno kabla ya jioni, na ngazi aifungie mahali ambapo ufunguo anao yeye.